Jinsi ya Kutambua Pini za Kiunganishi cha Video Usichokijua na Kutengeneza Kebo Yake

Wengi wanaoniuliza kuhusu kebo iliyogoma wamefanya kitu kimoja. Walikata kebo ya zamani, wakakuta waya mwekundu, wa kijani na wa bluu, wakaziunga kwa kufuata rangi, na picha haikutoka. Rangi ya ganda la waya haikuahidi mtu chochote. Kiwanda kinaweza kupitisha sauti kwenye waya mwekundu na umeme wa volti 5 kwenye waya mweupe. Sahau rangi, pima pini.

Kupima nako kuna mpangilio wake: graundi (njia ya pamoja ya kurudishia umeme) kwanza, kisha umeme, kisha mapigo ya usawazishaji, kisha picha, na mwisho sauti. Kila ukipata kundi moja, unalifuta kwenye orodha na pini zinazobaki zinazidi kuwa chache. Anayekimbilia kutafuta picha kabla ya kujua umeme uko pini gani ndiye anayeunguza televisheni.

## Njia hii inafaa wapi, na wapi haifai

Inafaa kwa video ya analogi: kompozito (ile ya tundu la njano, picha yote kwenye waya mmoja), S-Video (mwanga, yaani Y, na rangi, yaani C, kwenye nyaya mbili), na RGB (nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwenye pini yake). Haifai kwa HDMI, DisplayPort, wala utepe mwembamba unaokwenda kwenye kioo bapa cha laputopu. Huko data hukimbia kwa jozi za nyaya kwa kasi ambayo multimita haiioni kabisa, na kebo ya kulehemu mkononi mara nyingi haiwezi kuibeba.

Ujue pia kwamba kebo haibadilishi aina ya mawimbi. Kifaa kinachotoa mistari 15,625 ya picha kwa sekunde hakitaonekana kwenye monita ya kawaida ya VGA inayotarajia takriban 31,469, hata ukiunga kila pini mahali pake. Hapo unahitaji kigeuzi. Nalisema mapema kwa sababu watu hulehemu upya kebo ambayo haikuwa na kosa lolote.

Onyo moja la uhai: usifungue monita au televisheni ya kioo cha kizamani chenye mgongo. Ndani yake kuna volti zinazozidi 20,000, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Vipimo vyote hapa chini hufanywa kwenye kifaa kinachotoa picha, si kwenye kioo.

## Vifaa vya kuandaa

- Multimita yenye mlio wa kupima muunganiko na kipimo cha dayodi. Yenye kipimo cha hezi (mapigo kwa sekunde) itakuokolea muda mwingi.
- Rezista za omu 75 (angalau nne), 180, 220, 470 na 1,000.
- Kapasita za mikrofaradi 220, za volti 25.
- Nyaya nyembamba za majaribio zenye soketi ndogo au ncha ya pini.
- Televisheni yenye tundu la njano. Ikiwa na SCART pia (kiunganishi kipana cha pini 21 cha televisheni za Ulaya), bora zaidi.
- Waya laini wa koaksia (waya wa kati uliozungukwa na wavu wa chuma) wa omu 75.
- Chuma cha kulehemia, risasi, na mipira inayosinyaa kwa joto.
- Karatasi na kalamu.

Osiloskopu, chombo kinachochora umbo la mawimbi, si lazima. Ukiwa nayo, hatua ya 5 na ya 6 zinakuwa kazi ya dakika chache.

## Hatua ya 1: Chora soketi, kisha andika upande unaoutazama

Chora uso wa soketi ya kifaa ukiitazama kutoka nje, na uzipe pini namba zako mwenyewe. Juu ya mchoro andika kwa herufi kubwa: SOKETI, KUTOKA NJE.

Hapa ndipo kebo nyingi hufia. Uso wa plagi ni kinyume cha uso wa soketi, kushoto kunakuwa kulia. Ila sehemu ya nyuma ya plagi, unakolehemu, hufanana tena na uso wa soketi. Kwa hiyo mchoro wa soketi kutoka nje unaweza kuutumia moja kwa moja wakati wa kulehemu nyuma ya plagi, bila kugeuza chochote. Kanuni hiyo pekee inaondoa nusu ya matatizo ninayoulizwa.

Ikiwa soketi ina namba ndogo zilizochongwa kwenye plastiki, zitumie hizo. Viunganishi vingi vya aina ya D (vyenye umbo la herufi D) na DIN (vya duara) huwa nazo, ila unahitaji kikuza na mwanga wa pembeni kuziona.

Umefanikiwa ikiwa: mtu mwingine anaweza kuchukua mchoro wako na kugusa pini ya 4 bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Tafuta graundi, kifaa kikiwa kimezimwa

Chomoa kifaa ukutani na usubiri dakika chache kapasita zake ziishiwe umeme. Weka multimita kwenye mlio. Shikiza ncha moja kwenye ganda la chuma la soketi, au kwenye upande wa nje wa tundu lingine la kifaa hicho hicho unalolijua, kisha gusa pini moja moja. Zinazolia ni graundi. Zinaweza kuwa nyingi, maana RGB iliyotengenezwa vizuri huipa kila rangi graundi yake.

Usiridhike na mlio peke yake. Baadhi ya mita hulia hata kwenye omu 50 au zaidi, na pini ya picha inaweza kuwa na rezista ya omu 75 kwenda graundi. Rudia kila pini iliyolia kwa kipimo cha omu. Graundi ya kweli husoma chini ya omu 1, ukiondoa upinzani wa nyaya za mita yenyewe. Iliyosoma karibu na 75 iwekee alama ya nyota: karibu hakika ni pini ya video.

Sasa geuza mita kwenye dayodi. Ncha nyekundu iwe graundi, nyeusi iguse pini zilizobaki. Ukiona kati ya volti 0.4 na 0.7, pini hiyo imeungwa na chipu. Isiyosoma kitu ama haitumiki, ama iko nyuma ya kapasita. Ziandike zote, ushahidi huu utahitajika baadaye.

## Hatua ya 3: Kama kifaa kinafunguka, tazama ndani

Hii si lazima, lakini inapowezekana huzidi vipimo vyote. Tafuta chipu iliyo karibu na soketi na usome maandishi yake. Sony CXA1145 na CXA1645 ni chipu zinazobadilisha RGB kuwa kompozito, na AD725 ya Analog Devices hufanya kazi kama hiyo. THS7314 ya Texas Instruments ni kipaza video cha njia tatu. Karatasi zao za data zinapatikana bure, na zinataja kila mguu. Weka ncha moja ya mita kwenye mguu wa kutoa kompozito, na nyingine ipitishe kwenye pini za soketi.

Usitarajie mlio wa moja kwa moja. Katikati kuna rezista ya omu 75 na mara nyingi kapasita kubwa, kwa hiyo fuata njia kwa vipande: kutoka chipu hadi sehemu ya kwanza, kisha kutoka upande wake wa pili hadi soketi.

Usifungue sehemu ya kuingilia umeme wa ukutani. Kama bodi ya umeme iko wazi kando ya bodi unayopima, ruka hatua hii.

## Hatua ya 4: Tenga pini za umeme

Kuanzia hapa kifaa kinawashwa, na hatari kubwa ni ncha ya mita kuteleza na kugusa pini mbili kwa mpigo. Usichokoe ndani ya soketi. Kabla ya kuwasha, chomeka waya wa majaribio kwenye kila pini, zitawanye mezani, na ubandike namba kwenye kila mmoja. Hakikisha hakuna ncha inayogusa jirani yake.

Washa. Ncha nyeusi kwenye graundi, kipimo cha volti za moja kwa moja. Andika usomaji wa kila pini. Unatafuta 5, 12, au 3.3 iliyotulia.

Sasa, si kila volti 5 ni umeme. Mapigo ya usawazishaji nayo husoma karibu na hapo. Kuzitofautisha, weka rezista ya omu 1,000 kati ya pini na graundi na upime tena. Njia ya umeme haitikisiki. Pini ya mapigo inaweza kushuka kidogo au isishuke, kwa hiyo kama haijashuka usikate shauri. Hukumu itatolewa na hezi katika hatua inayofuata.

Onyo: usijaribu pini ya volti kwa kuiunga moja kwa moja na graundi ili uone cheche. Kifaa kingine hakina hata fyuzi kwenye njia hiyo.

Ukishaijua pini ya umeme, ivalishe mpira na uiweke kando. Isibaki mezani wakati wa kutafuta picha.

## Hatua ya 5: Tafuta mapigo ya usawazishaji

Mapigo haya ndiyo yanayoiambia televisheni mstari unaanzia wapi na picha nzima inaanzia wapi. Bila hayo, picha hukimbia au haionekani kabisa. Yapo ya mistari, ya fremu, na ya pamoja yanayobeba yote mawili kwenye pini moja.

Kwa mita yenye hezi, mambo ni mepesi:

- Karibu na 15,625 au 15,734: mapigo ya mistari ya mfumo wa televisheni. Ya pamoja husoma hapo hapo au juu kidogo, hadi karibu 16,000, kwa sababu ya mapigo ya ziada wakati wa kurudi juu ya kioo.
- Karibu na 31,500: mapigo ya mistari ya aina ya VGA.
- 50, 60 au 70: mapigo ya fremu.
- 0: umeme, au pini isiyotumika.

Kama mita haina hezi, volti bado zinasema kitu. Pigo la mstari huchukua mikrosekunde 4.7 kati ya 64, yaani asilimia 7 hivi ya muda. Pini inayokaa juu kwenye volti 5 na kushuka wakati wa pigo itasoma wastani wa takriban 4.6. Inayokaa chini na kupanda itasoma takriban 0.35. Kwa hiyo pini iliyosoma 4.6 wakati njia ya umeme inasoma 5.0 kamili ni ya kushukiwa sana. Ya fremu ni jeuri zaidi: pigo lake ni fupi mno ukilinganisha na fremu nzima, husoma 4.95 na kujificha kama umeme.

Usipopata mapigo popote, usihangaike. Yanaweza kuwa ndani ya kompozito, au yamepandishwa kwenye rangi ya kijani.

Umefanikiwa ikiwa: una pini moja au mbili zenye namba za hezi zinazoeleweka, au una uhakika kwamba hakuna.

## Hatua ya 6: Tafuta pini za picha

Anza na kompozito kwa sababu ndiyo rahisi kuiona. Chukua waya wenye rezista ya omu 220 na kapasita ya mikrofaradi 220 kwa mfululizo, upande chanya wa kapasita ukielekea kifaa. Mwisho wake uingie katikati ya tundu la njano la televisheni, na graundi iende kwenye duara la nje. Unga graundi kabla ya kuwasha chochote. Vifaa vya plagi ya miguu miwili huvujisha umeme kidogo kati yao, na huo umeme usipite kwenye njia ya video.

Gusa pini moja moja, ukiruka za umeme na za mapigo. Rezista itafifisha picha, na hilo ni sawa, unatafuta ipi inaleta kitu.

- Picha ya rangi iliyotulia: kompozito.
- Picha ya kijivu, safi na kali: ni Y ya S-Video, au kijani chenye mapigo ndani. Jirani yake huenda ni C, ambayo peke yake haitoi picha.
- Vivuli vinavyokimbia bila kutulia: rangi mojawapo ya RGB, inakosa mapigo.
- Mistari inayocheza kwa kufuata muziki: sauti.

Ukiwa na RGB, sasa tenga rangi. Weka omu 75 kutoka pini hadi graundi, upime volti za moja kwa moja kioo kikiwa cheusi, kisha kikiwa cheupe. Pini ya rangi hupanda kutoka karibu na sifuri hadi takriban 0.5. Rangi kamili ni volti 0.7, lakini mita huonyesha wastani unaojumuisha muda wa kurudi. Kisha onyesha kitu chekundu kitupu: pini inayobaki juu peke yake ni nyekundu. Fanya hivyo kwa kijani na bluu.

Ikiwa haisogei kabisa, kuna kapasita ndani inayozuia volti za moja kwa moja. Hapo tumia SCART: peleka mapigo kama ninavyoeleza hatua ya 8, kisha uingize pini moja moja isiyojulikana kwenye nafasi ya kijani. Picha ya kijani kibichi ikitulia, umepata rangi mojawapo. Ipi? Angalia kitu gani kwenye picha kimeng'aa. Vitu vyekundu vikiwaka na vya bluu vikiwa vyeusi, hiyo ni nyekundu.

Kwa wenye osiloskopu: kompozito ina bonde la takriban volti 0.3, kisha mtetemo mfupi wa mizunguko kama 10, kisha picha. RGB haina bonde. Pima ukiwa na omu 75 na bila. Kimo kikishuka nusu, rezista ya kutolea iko ndani ya kifaa. Kisiposhuka, utaiweka wewe kwenye kebo. Kikianguka kabisa, chipu haina nguvu ya kuendesha omu 75, na utahitaji kipaza kama kile cha THS7314; kebo tupu haitatosha.

Onyo: kiunganishi cha pini 9 cha kompyuta za zamani za CGA kina rangi za volti 5 kamili, si 0.7. Mpangilio wake ni 1 na 2 graundi, 3 nyekundu, 4 kijani, 5 bluu, 6 mwangaza, 8 mistari, 9 fremu. Kamwe usizipeleke pini hizo moja kwa moja kwenye televisheni.

## Hatua ya 7: Sauti

Spika za masikioni kupitia omu 1,000 na kapasita zitakujulisha papo hapo. Cheza sauti upande mmoja, kisha mwingine. Jeki ya milimita 3.5 yenye mikanda minne ina mtego wake: graundi huwa ama mwishoni kabisa ama kwenye mkanda wa tatu, kutegemea mtengenezaji, kwa hiyo hatua ya 2 usiiruke hata kama plagi inaingia vizuri.

## Hatua ya 8: Panga unakopeleka

Kompozito na S-Video huenda moja kwa moja. Kwa S-Video, pini ya 1 ni graundi ya Y, 2 graundi ya C, 3 ni Y, 4 ni C.

Kwa SCART: nyekundu 15, kijani 11, bluu 7, na graundi zao ni 13, 9 na 5. Mapigo au kompozito huingia 20, graundi ya video ni 17. Sauti ya kushoto 6, kulia 2, graundi 4.

Mambo matatu husahaulika hapa. Mapigo ya volti 5 hayaingii 20 yakiwa mazima. Yapitishe kwenye omu 470, yatashuka hadi karibu 0.7. Pini ya 16 inahitaji volti 1 hadi 3 ili televisheni ikubali RGB. Omu 180 kutoka kwenye volti 5 hutoa kama 1.5, ambayo inatosha. Na pini ya 8 ikipata volti 9.5 hadi 12 televisheni hujigeuza yenyewe kwenye njia hiyo.

Kwa VGA: 1 nyekundu, 2 kijani, 3 bluu, 6 hadi 8 graundi za rangi, 10 graundi ya mapigo, 13 mistari, 14 fremu.

## Hatua ya 9: Lehemu

Chomeka plagi kwenye soketi isiyotumika wakati wa kulehemu, la sivyo joto litalainisha plastiki na pini zitapinda. Vaa mipira kwenye nyaya kabla ya kuanza, si baada. Kila video ipite kwenye koaksia yake, na wavu wa nje uungwe na graundi pande zote mbili. Waya wa kawaida uliosokotwa utatoa picha, lakini rangi zitaingiliana na sauti itanguruma.

Rezista na kapasita ziweke kwenye kichwa chenye nafasi, kwa kawaida kile cha SCART. Kapasita za RGB ziwe mikrofaradi 220 ikiwa kifaa hakina zake.

## Hatua ya 10: Pima kebo kabla ya kuichomeka

Kila pini upande mmoja ilie na mwenzake tu upande wa pili, ila zenye rezista au kapasita katikati huenda zisilie; hizo zifuate kwa vipande kama katika hatua ya 3. Kisha pima kila pini na jirani zake wa pande zote. Kusiwe na mlio ila kati ya graundi. Pinda kebo huku ukipima, shoti nyingi hujitokeza waya unapokunjwa. Hakikisha hasa kwamba pini ya umeme haigusani na video yoyote.

Unga kebo pande zote mbili, kisha ndipo uwashe vifaa.

## Picha ikitoka vibaya

Imeng'aa mno, nyeupe zimeunguzwa: rezista ya omu 75 inakosekana, ama kwenye kebo ama upande wa kupokea.

Hafifu na giza: rezista imewekwa mara mbili, moja ndani ya kifaa na nyingine ndani ya kebo. Ondoa yako.

Ngozi za watu ni za bluu: nyekundu na bluu zimebadilishana.

Juu pana mwanga, chini giza: kapasita ni ndogo mno. Ya mikrofaradi 10 haiwezi kubeba mabadiliko ya taratibu ya fremu ya hezi 50.

Sehemu ya juu inapinda kama bendera: mapigo ni dhaifu au ni makali mno. Badilisha ile omu 470, jaribu 330 kisha 680.

Inakimbia juu na chini: mapigo ya mistari yamefika, ya fremu hayajafika. Kifaa kinayatoa kwenye pini mbili na wewe umeunga moja. Rudi hatua ya 5, na uitazame upya ile pini uliyoiandika kuwa umeme kwa sababu ilisoma 4.95.